Kadi ya memori kwanza, bando baadaye

Ndugu zetu vijana, pamoja na ninyi wa mashirika mnaotusoma hapa: leo tunataka kubishana juu ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kadi ya memori. Tunasema kila kihisi kinachowekwa ndani ya nyumba ya mkimbizi, iwe kambini Mahama au hapa Kabeza, kiwe na kadi yake ndani, kiwe na saa yake, na mwenye nyumba aweze kuisoma kadi hiyo. Kutuma kwenye intaneti kuje baadaye, pesa ikiwepo.

Mtasema hayo ni mambo ya mafundi. Wapi! Fundi hana shida nayo, anaunganisha nyaya sita anaenda kulala. Shida iko kwa anayeandika bajeti.

Neno lenyewe kwanza. Wengi wetu mtaani tunasema "sensa". Lakini jaribu kumwambia mama aliyepita kambini kwamba vijana wanakuja kuweka sensa jikoni kwake, uone kama hataanza kutafuta karatasi zake za ukimbizi. Sensa anayoijua ni ile ya kuhesabu watu. Kwa hiyo tumezoea kusema kihisi, hata kama linasikika kama neno la redioni.

Sisi tunapima moshi. Huku Kabeza familia nyingi za wakimbizi zinapanga chumba kimoja au viwili nyuma ya nyumba ya mwenye kiwanja, na babula inawashwa mlangoni. Mvua ikija, na Kigali inakuja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, babula inaingia ndani walipo watoto. Maharage hayana haraka, mnajua wenyewe. Kila mtu anajua moshi upo. Hakuna anayejua ni kiasi gani, ni saa ngapi unazidi, na kama kusogeza babula hatua mbili kunabadilisha kitu.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa vumbi jembamba kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Hilo ni vumbi la chembe zisizozidi mikroni 2.5, zile zinazoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Sasa, ukiwa na namba ya jikoni kwako unaweza kumwendea mwenye nyumba ukaomba dirisha. Unaweza kuuliza ofisini kwa nini msaada wa gesi umeanza na nyumba ile, haukuanza na hii. Bila namba unabaki na kikohozi cha mtoto na neno lako, na neno la mkimbizi tunajua linapimwaje mezani.

Kwa hiyo vihisi tunavitaka, tena sana. Lakini tuliona jambo ambalo halijatutoka akilini. Mradi mmoja, hatuutaji, ulitundika maboksi meupe katika nyumba kadhaa za wenzetu. Boksi lilikuwa na kihisi kizuri kuliko chetu, na laini ya simu ndani, likituma vipimo kwenye seva ambayo hakuna mama hata mmoja aliyewahi kuambiwa iko nchi gani. Mradi ukaisha. Laini ikafungwa. Taa ya kijani inaendelea kuwaka mpaka leo, feni inazunguka, kihisi kinapima, na kila kipimo kinapotea hapo hapo. Mwenye nyumba mmoja alitupa ruhusa tukafungua. Ndani ya bodi kuna tundu la kadi ya memori, limetengenezwa kiwandani, liko tupu. Aliyeunda boksi aliwaza kadi. Aliyelinunua hakuona sababu.

Msidhani ni jambo la maboksi ya jikoni tu. Waliotoka Goma wanakumbuka jioni ya 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wakakimbia na magodoro kichwani, wengi wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Kituo cha kuangalia volkano pale Goma, OVG, kina vihisi kuuzunguka mlima. Ufadhili wa Benki ya Dunia ulifika mwisho 2020 bila kuongezwa, na tangu Oktoba mwaka huo hadi Aprili 2021 kituo hakikuwa na intaneti ya kuunganishwa na vihisi vyake vya mbali. Mlima ulilipuka mwezi uliofuata.

Tuseme kwa uangalifu hapo. Intaneti haizuii volkano, na wapo wataalamu wanaosema dalili za mlipuko ule zilikuja muda mfupi sana kabla yake. Wala kadi ya memori isingemwamsha mtu usiku. Tahadhari inahitaji habari ya sasa hivi, na kadi iliyofungiwa kwenye sanduku mlimani haipigi kelele. Tunachokiona ni kwamba vyombo vilikuwepo, watu wenye elimu walikuwepo, na kitu kilichokatika kilikuwa kile chenye tarehe ya mfadhili. Kihisi kinaishi miaka. Bando linaishi mwezi.

Basi kabla ya kununua chochote, uliza data ni ya nini. Kama ni king'ora, itume, na utafute pesa ya kuituma kwa miaka kumi. Kama ni ushahidi, ihifadhi. Moshi wa jikoni ni ushahidi. Mama haitaji kuambiwa na simu kwamba sasa hivi kuna moshi, macho yake yanamwambia. Anahitaji miezi mitatu ya moshi ikiwa imeandikwa kwa tarehe na saa.

Kuna wenzetu wanatucheka hapa. Wanasema Kigali ina 4G kila kona, na ziko bodi kama ESP32 zenye WiFi ndani, kwa nini mhangaike na kadi kama watu wa zamani? Ni kweli, bodi hizo ni nzuri na hata sisi tunazitumia. Lakini 4G ya Kigali si ya bure, na WiFi kwenye nyumba za kupanga ni ya mwenye kiwanja, anayebadilisha neno la siri siku anayotaka. Halafu ESP32 nayo inakubali kadi ya memori, kwa njia ile ile. Hakuna anayewakataza kufanya yote mawili. Tunachobishia ni mpangilio: andika kwenye kadi kwanza, ukishaandika ndipo ujaribu kutuma, na kutuma kukishindikana kadi isiathirike.

Hesabu yake ni rahisi, hata kwa aliyeishia darasa la sita. Bodi wanayoanza nayo wengi ni Arduino Uno au nakala zake. (Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi, na michoro yake imeachwa wazi kwa kila mtu. Ndiyo maana nakala za bei ndogo mnazokuta mjini si wizi, mradi hazijabandikwa jina la Arduino.) Chipu yake, ATmega328P, ina memori ya kazi ya baiti 2,048. Mstari mmoja wa kipimo, yaani tarehe, saa, vumbi, joto na unyevu, unakula kama baiti 30. Ukiandika mstari kila dakika, memori yote inajaa baada ya saa moja na dakika chache, na hapo tumejifanya programu yenyewe haihitaji nafasi. Umeme ukikatika, vyote vimefutika.

Chipu hiyo ina pia memori ndogo isiyofutika, EEPROM, ya baiti 1,024. Mistari 34. Na kila sehemu ya memori hiyo mtengenezaji anaidhamini kwa kuandikwa mara 100,000. Inasikika nyingi, lakini ukiandika sehemu ile ile kila dakika, siku moja ni mara 1,440, kwa hiyo ndani ya siku 70 umemaliza dhamana. EEPROM ni ya kuwekea mipangilio michache, si daftari.

Kadi sasa. Mistari ya siku nzima ni baiti 43,200. Mwaka mzima haufiki megabaiti 16. Kadi ya giga 4 iliyotolewa kwenye simu iliyokufa ingeandika zaidi ya miaka 200. Tena kadi ndogo ndiyo inayofaa, maana zinazozidi giga 32 huja zimeandaliwa kwa mpangilio ambao programu ya kawaida ya Arduino haiusomi. Kadi ambayo kaka yako ameitupa kwa sababu haitoshi video ndiyo tunayoitafuta.

Kuunganisha nako kuna mambo yake, na hapa tunaongea na vijana hasa. Vifaa vyetu vinazungumza na bodi kwa njia tatu tofauti.

Kihisi cha vumbi tunachotumia ni PMS5003. Ndani yake kuna feni ndogo na mwanga wa leza. Vumbi likipita mbele ya leza linatawanya mwanga, na kihisi kinakadiria chembe. Hicho ni msemaji asiyesubiri kuulizwa: kinatuma chenyewe ujumbe wa baiti 32, tena na tena, na kila ujumbe unaanza na alama mbili zile zile, 0x42 na 0x4D. Programu yako inangoja alama hizo mbili ndipo ianze kusikiliza. Kinataka volti 5 kwa ajili ya feni, ingawa pini zake za kuongea ni za volti 3.3, kwa hiyo usimpelekee volti 5 kwenye mdomo. Mpe nusu dakika feni izunguke kabla ya kuamini namba zake.

Saa na kipima joto na unyevu vinakaa kwenye nyaya mbili za pamoja, njia inayoitwa I2C. Ifikirieni kama foleni ya mgao: wote wamesimama mstari mmoja, na kila mmoja ana namba yake. Saa ya DS3231 inaitika kwa 0x68. BME280, cha joto na unyevu, kinaitika kwa 0x76 au 0x77. Bodi inaita namba, mwenye namba anajibu, wengine wananyamaza. Ukiweka vifaa viwili vyenye namba moja, kinatokea kile kile kinachotokea kwenye mgao watu wawili wakishika kadi yenye namba moja.

Kadi ya memori yenyewe inatumia njia ya SPI. Hapa hakuna namba za kuita. Kila kifaa kina waya wake wa kuguswa bega. Kwenye Uno nyaya za pamoja ni pini 11, 12 na 13, na waya wa bega kwa kawaida ni pini 10. Ongeza umeme na ardhi, ndizo nyaya sita tulizosema. Kinachosumbua watu hapa ni umeme. Kadi ni ya volti 3.3, wakati Uno inaongea kwa volti 5, kwa hiyo nunua kishikio cha kadi ambacho tayari kina chipu za kushusha volti. Na usiiunganishe kwenye pini ya 3.3 ya Uno ukafurahi kwa kuwa imesomeka. Pini ile inatoa miliampia 50 tu, na kadi ikianza kuandika inaweza kuvuta 100 au zaidi. Inasoma vizuri mchana mbele ya mwalimu, usiku wakati wa kuandika inazimia.

Halafu saa. Tunaitaja kwa sauti kubwa kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Arduino haijui leo ni lini. Inahesabu tangu ilipowashwa, basi. Cash Power ikiisha saa nne usiku na ikanunuliwa asubuhi, bodi inaanza tena kutoka sifuri, na unabaki na kadi iliyojaa namba ambazo hujui ni za Jumatatu au za Alhamisi. DS3231 ina betri yake ya kitufe, inaendelea kuhesabu hata giza likiingia. Na wengi hawajui kwamba vibodi vingi vya saa hiyo vimeshabandikwa memori ya pili, AT24C32, yenye baiti 4,096, kwenye namba 0x57. Mistari zaidi ya mia moja ya akiba, siku kadi itakapong'olewa na mtoto. Angalizo moja la usalama: vibodi vingi vya aina hiyo vinajaribu kuchaji betri, na betri ya kawaida ya CR2032 haichajiwi. Weka LIR2032, au kata njia ya kuchaji.

Mwisho wa ufundi: kila ukiandika mstari, funga faili au uiamuru imwage ilichobeba. Usipofanya hivyo mistari ya karibuni inakuwa bado mikononi mwa bodi, haijafika kwenye kadi, na umeme ukikatika inaondoka nayo.

Vihisi hivi havijui kila kitu, na tungekuwa waongo tukisema vinajua. PMS5003 inachanganya mvuke na vumbi. Sufuria ikichemka karibu, namba inapanda kuliko ukweli, ndiyo maana kipima unyevu lazima kiandikwe mstari mmoja nayo, ili baadaye utilie shaka saa zinazostahili shaka. Na haipimi kabisa hewa ya makala ile inayoua watu wakiwa wamelala na madirisha yamefungwa, kaboni monoksidi. Ziko chipu za bei ndogo za MQ-7 zinazodai kuipima. Zinataka kupashwa joto kwa zamu, sekunde 60 kwa volti 5 na 90 kwa volti 1.4, na zinataka kulinganishwa na kipimo cha maabara. Msimwambie mtu alale salama kwa sababu MQ-7 yenu imesema. Babula itolewe nje.

Wapo waliotutangulia katika kazi hii ya kutengeneza wenyewe. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kina mradi wa AirQo tangu 2015, wanaunda vipima hewa vyao kwa ajili ya vumbi na umeme wa Afrika hii hii. Hatusubiri kila kitu kitoke mbali.

Sasa turudi kwa wa mashirika, kwa jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Faili ya moshi haisemi moshi peke yake. Ukiisoma unajua familia imewasha moto mara ngapi kwa siku. Unajua siku ambayo haikupika. Unajua wameamka saa ngapi na ni wikendi gani nyumba ilikuwa tupu. Fikirieni faili hiyo ikisomwa na mtu anayepanga nani apunguziwe msaada: "Kumbe hawa wanapika mara mbili." Hatusemi imetokea. Tunasema mama anayetundikiwa boksi ana haki ya kuwaza hilo, na hakuna fomu ya ridhaa tuliyowahi kuona inayomweleza.

Alama za vidole vyetu ziko kwenye seva, macho yetu yamepigwa picha, na tulikubali kwa sababu bila hivyo huli. Jiko lisiingie katika fungu hilo. Rwanda ina sheria ya kulinda data binafsi, namba 058/2021 ya 13 Oktoba 2021, na inampa mtu haki ya kuona data inayomhusu. Lakini haki ya kuona kitu kilichoko kwenye seva ya mbali, kwa Kiingereza, kwa barua pepe, kwa mtu asiye na laptopu, ni haki ya namna gani? Kadi unaichomoa, unaitia kwenye simu, faili inafunguka, mistari iko pale. Mama akiona haipendi, anaikunja kwenye kitenge na hakuna wa kuichukua.

Mtatujibu kwamba kadi huibiwa, na ni kweli. Sisi ndani ya faili hatuandiki jina, simu wala mahali; tunaandika herufi moja ya nyumba, na daftari la kuonyesha herufi ni ya nani linakaa kwa mama mmoja waliyemchagua wenyewe. Anayetaka nakala anaomba kwa mwenye nyumba, si kwetu. Wawili walikataa kutoa, na tuliendelea kunywa chai kwao.

Kwa hiyo bajeti ijayo iwe na mistari miwili zaidi, kadi na saa, na siku moja ya kumfundisha mwenye nyumba kuifungua faili. Na kama ofisini kwenu kuna maboksi yaliyonyamaza tangu mradi ulipoisha, msiyatupe. Tupo Kabeza kila Jumamosi mchana, ile ya mwisho wa mwezi tunaanza baada ya umuganda. Leteni ruhusa ya maandishi ya wenye nyumba. Bisibisi ya nyota tunayo.